Kumrudisha korongo mweupe porini: njia ya angani ndiyo ilikuwa kazi nyepesi

Mwaka 1941 korongo weupe wa Amerika Kaskazini (Grus americana) waliobaki porini hawakufika 25. Kundi moja lilikuwa likikimbilia pwani ya Texas kila majira ya baridi, katika hifadhi ya Aransas. Wengine sita walikuwa Louisiana, mabaki ya kundi la ndege 13 lililopigwa na kimbunga mwaka uliotangulia, na hao sita nao hawakudumu. Leo kundi la Aransas limevuka ndege 500. Hakuna aliyelilea. Watu walizuia bunduki, wakalinda ardhi, na wazazi wakafanya kazi iliyobaki.

Makundi mapya ambayo binadamu amejaribu kuyaanzisha kwa mikono yake, kwa utaalamu wa hali ya juu na fedha nyingi, bado yanayumba. Na si kwamba watu hawa hawajui kazi. Korongo ni ndege wa kufundishwa, na mambo anayofundishwa na wazazi wake ni mengi kuliko yale ambayo mtu anaweza kuyaorodhesha kabla hajaanza.

Sababu ya kuhangaika na kundi la pili iko wazi. Ndege wote wa Aransas hukaa majira ya baridi kwenye kipande kimoja cha pwani, ubavuni mwa mfereji wanakopita matishari ya mafuta na kemikali. Ajali moja kubwa, au kimbunga kimoja kama kile cha 1940, na kazi ya miaka 80 inaishia hapo.

Kifaranga wa korongo mweupe anapokuwa na wazazi hujifunza mambo sita: yeye ni nani, ale nini, alale wapi, amwogope nani, aelekee wapi baridi ikianza, na baadaye, atunzeje yai na kifaranga wake mwenyewe. Kila mbinu iliyojaribiwa tangu 1975 imefaulu katika baadhi ya masomo hayo na kufeli katika mengine. Ubaya ni kwamba kufeli hakuonekani mapema. Ndege huyu huanza kuzaa akiwa na miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo kosa la wiki ya kwanza ya maisha yake huja kudai deni mwaka wa tano.

Yai la pili

Korongo mweupe hutaga mayai mawili kwa kawaida, lakini mara nyingi hukuza kifaranga mmoja tu. Hapo ndipo mpango mzima ulipopata mbegu. Viota vya kundi la Aransas vilijulikana mwaka 1954 tu, kaskazini mwa Kanada, baada ya watu waliokuwa kwenye helikopta kwa ajili ya moto wa msituni kuwaona ndege hao ndani ya hifadhi ya Wood Buffalo, takriban kilomita 4,000 kutoka Texas. Kuanzia 1967 watafiti walianza kuchukua yai moja kwenye viota vyenye mayai mawili na kulipeleka kituo cha Patuxent, Maryland. Jozi iliyobaki na yai moja haikupata hasara ya kuonekana, ilimradi yai linaloachwa liwe zima.

Kupima uzima wa yai kiotini si kazi ya macho. Yai lililokaribia kuanguliwa huwekwa lielee kwenye maji ya vuguvugu: likiwa na uhai, litacheza lenyewe juu ya maji. Safari ya kutoka kiotini hadi kituoni ilifanywa kwa sanduku lililojazwa sponji na chupa za maji ya moto.

Kwenye mashine ya kutotolea, joto ni nyuzi 37.5 hivi, na muda wote wa kuatamia ni siku 30 au karibu na hapo. Kipimo cha kutegemewa ni mzani kuliko kalenda: kuanzia linapotagwa mpaka linapoanza kutobolewa, yai linatakiwa kupoteza kama asilimia 15 ya uzito wake kwa maji yanayotoka kupitia ganda. Likipoteza kidogo, ongeza ukavu. Likipoteza sana, ongeza unyevu. Kifaranga aliyekaa kwenye unyevu mwingi hutoka amevimba na dhaifu, na wa kwenye ukavu hunatana na utando wa ndani. Walezi wenye uzoefu hawaanzi na mashine kabisa. Siku saba hadi kumi za kwanza yai huwekwa chini ya korongo halisi aliyefugwa, kisha ndipo linaingizwa mashineni. Yanayopitia njia hiyo huanguliwa vizuri zaidi.

Somo la Idaho

Mwaka 1975 lilikuja wazo ambalo kwenye karatasi halikuwa na kasoro. Korongo wa kijivu (Grus canadensis) wako kwa maelfu, wanahama, na wanalea vizuri. Basi mayai ya korongo mweupe yawekwe kwenye viota vyao huko Grays Lake, Idaho, na wao wawafundishe vifaranga njia ya kwenda New Mexico. Gharama ndogo, hakuna banda, hakuna mlezi wa kujificha ndani ya joho.

Mayai 289 yaliwekwa. Vifaranga kama 85 walifikia kuruka. Walikula walichokula walezi wao, walilala walipolala, walihama na kurudi. Katikati ya miaka ya 1980 kundi lilifikia ndege 33. Kisha walipobalehe, hakuna hata jozi moja iliyoundwa kati ya mweupe na mweupe. Madume waliwachezea ngoma ya uchumba majike wa kijivu. Walijua kila kitu isipokuwa wao ni nani. Mpango ulifungwa, na mapema miaka ya 2000 ndege wa mwisho wa kundi hilo alikuwa ameshatoweka.

Idaho ndiyo iliyoonyesha kwamba njia ya kuhama na utambulisho ni masomo mawili tofauti, yanayofundishwa kwa nyakati tofauti. Njia hujifunzwa vuli ya kwanza. Utambulisho hujengeka tangu kifaranga anapofumbua macho, na hauna marudio.

Joho, kikaragosi na ukimya

Jibu lilitoka kwa majaribio ya Robert Horwich na korongo wa kijivu kule Baraboo, Wisconsin, miaka ya 1980, kwenye makao ya International Crane Foundation: mlezi avae asionekane kama mtu. Joho jeupe lisilo na umbo linashuka mpaka chini, kofia inafunika uso kwa wavu, na mkono mmoja umevaa kikaragosi cha kichwa cha korongo mzima, chenye rangi nyekundu utosini na mdomo unaoshika chakula. Kikaragosi ndicho kinachofundisha. Kinadonoa punje za chakula kwenye bakuli mpaka kifaranga aige, kinachovya maji, kinaokota funza wa unga na kumpa. Hakuna kuongea, si kwa kunong'ona wala kwa redio ya mawasiliano. Sauti pekee ni mlio wa chini wa korongo mlezi, uliorekodiwa na kupigwa kwa spika ndogo iliyofichwa ndani ya joho. Mlio huo huanza kuchezwa yai likiwa bado mashineni, siku za mwisho kabla ya kuanguliwa.

Joho peke yake halitoshi. Kando ya banda la kifaranga huwekwa korongo mweupe mzima, aliye hai, wa kuonekana kupitia dirisha au uzio. Kifaranga analishwa na joho lakini kutwa nzima anamtazama ndege wa aina yake. Ukiondoa hilo unarudi Idaho kwa mlango wa nyuma.

Vifaranga hawa ni wagomvi kupita maelezo. Ndugu wawili wa kiota kimoja wanaweza kuuana siku za mwanzo, na ndiyo sababu mojawapo ya yai la pili kuwa la ziada. Kwa hiyo kila mmoja hulelewa chumba chake, akimwona jirani kupitia wavu, na huunganishwa pole pole katika makundi ya umri unaokaribiana. Ukichanganya wa wiki nane na wa wiki tano, mdogo ataumizwa, au atajifunza kujificha, na anayejificha hatafuata kitu chochote angani.

Adui mkubwa wa wiki za kwanza, hata hivyo, ni miguu. Ndani ya miezi mitatu kiumbe anayeingia kwenye kiganja huwa ndege wa kumfikia mtu kifuani. Akilishwa chakula chenye protini nyingi, mwili hukimbia kuliko mifupa: vidole vinapinda, kisha mguu mzima unajizungusha kwenye goti, na hapo hakuna dawa. Tiba ni kinga. Kifaranga hupimwa uzito kila asubuhi, protini hupunguzwa anapoongezeka kwa kasi, na anatembezwa. Kumwogelesha kwenye bwawa dogo kunasaidia zaidi kwa sababu misuli inafanya kazi bila mguu kubeba uzito. Kidole kilichoanza kupinda hunyooshwa kwa plasta nyepesi siku hiyo hiyo. Ukisubiri kesho umechelewa.

Magonjwa yanahitaji sura yake. Itoshe kusema kwamba mwaka 1984 virusi vinavyoenezwa na mbu viliua korongo weupe saba pale Patuxent, na tangu hapo chanjo ni sehemu ya ratiba. Vimelea vya koksidia pia, ambavyo kwa kuku hukaa tumboni, kwa korongo huweza kusambaa hadi kwenye ini na mapafu.

Kumfuata rubani

Wakanada wawili, Bill Lishman na Joe Duff, walikuwa wameshaonyesha mwaka 1993 kwamba mabata bukini wanaweza kufuata eropleni nyepesi kutoka Ontario hadi Virginia. Kuwafundisha korongo njia ya kusini, eropleni iliyotumika kati ya 2001 na 2015 ni ile isiyo na kibanda: bawa la kitambaa juu, kiti na magurudumu matatu chini, injini nyuma ikiwa imezungushiwa kinga ili panga boi lisimkate ndege.

Mafunzo yalianza kifaranga akiwa na siku chache. Mlio wa injini ameshausikia akiwa ndani ya yai. Sasa anawekwa ndani ya uzio mfupi wa duara, na eropleni, ikiwa haijafungwa bawa, inazunguka nje ya uzio pole pole huku mkono mrefu wa kikaragosi ukidondosha funza wa unga. Kwanza injini imezimwa, kisha inanguruma taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Ukiruka hatua moja kifaranga anaingiwa na hofu, na hofu ya injini haisahauliki kirahisi.

Kabla hawajaweza kuruka, wakiwa na umri wa wiki sita au saba hivi, vifaranga walisafirishwa kwenye masanduku hadi hifadhi ya Necedah, Wisconsin. Lazima waanze kuruka pale, maana mahali korongo anapojifunza kuruka ndipo atakapoparudia kuzaa. Kule wanakimbizana na eropleni kwenye uwanja wa majani kila asubuhi, wanapiga mbawa, wanainuka hatua mbili tatu, mpaka wanapopaa kabisa wakiwa na siku 80 hadi 100.

Angani wanakaa nyuma ya ncha ya bawa, kila mmoja akipanda upepo unaosukumwa juu na bawa la mbele, kama mwendesha baiskeli anayejibanza nyuma ya lori. Aliye karibu kabisa na bawa hupata zaidi, kwa hiyo hapo ndipo pa kugombaniwa. Anayetoka kwenye mstari anachoka upesi, na rubani hulazimika kushuka na kuzunguka ili amwokote kwenye bawa tena. Akikataa mara kadhaa, anaachwa atue, na timu ya ardhini yenye antena inamfuata kwa redio iliyofungwa mguuni, inambeba kwenye sanduku hadi kituo kinachofuata.

Safari zilifanyika alfajiri, kabla jua halijapasha ardhi. Hewa ikianza kupanda, eropleni nyepesi inarushwa huku na huku, na ndege wanagundua kwamba wanaweza kuelea bila kumfuata mtu. Upepo wa omo, unaovuma kutoka mbele, ndio uliokuwa ukiharibu bajeti: mwendo wa kundi ni kama kilomita 60 kwa saa, hivyo upepo wa kilomita 15 unameza robo nzima. Umande ulioganda juu ya bawa nao huzuia kupaa mpaka upanguswe. Kwa sababu hizo, safari ya karibu kilomita 2,000, ambayo korongo mzima huimaliza kwa siku chache, mwaka 2001 ilichukua wiki saba, na miaka mingine ilizidi hapo sana. Vuli ya 2011 haikufika kabisa: ilikwamia Alabama, na ndege tisa wakapelekwa kwa gari kwenye hifadhi ya Wheeler.

Tatizo ambalo watu wa nje hawalifikirii ni ndege kugeuza na kurudi bandani. Banda wanalijua, kusini hawakujui. Dawa yake ilikuwa mtu aliyejifunika turubai, anayejitokeza kwenye majani na kulipungia kundi kila linapotaka kutua nyumbani. Asivae joho. Joho ni mzazi, na mzazi hafukuzi.

Na walifika. Mnamo Oktoba 17, 2001 waliondoka Necedah wanane. Mmoja alikufa kwenye nyaya za umeme baada ya dhoruba kuangusha banda usiku. Saba waliwasili hifadhi ya Chassahowitzka, Florida, Desemba 3. Wawili waliliwa na paka-mwitu kabla baridi haijaisha. Aprili 2002 watano waliobaki waliondoka bila eropleni, bila joho, wakarudi Wisconsin. Safari moja ya kwenda ilitosha kuwafundisha ya kurudi.

Kwa upande wa njia, basi, mbinu ilifaulu kuliko matarajio. Watafiti walipochambua kumbukumbu za kundi hili, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliona kwamba makundi yenye angalau ndege mmoja wa miaka saba yalipotoka kwenye mstari ulionyooka kwa asilimia 38 pungufu kuliko yale ya wenye mwaka mmoja peke yao. Wazee wanaendelea kujifunza na kufundisha. Baadaye wazee haohao walianza kukatisha safari, wakakaa Indiana au Alabama, palipo na mashamba ya mahindi na maji yasiyoganda, badala ya kufika Florida. Njia iliyofundishwa kwa gharama kubwa ilirekebishwa na wanafunzi wenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ni dalili nzuri kuliko kama wangeifuata kama reli.

Kulala majini

Korongo mweupe hulala amesimama kwenye maji ya kina cha kifundo mpaka nusu ya mguu. Maji ndiyo king'ora chake: paka-mwitu au koyote hawezi kumfikia bila kuchapa maji. Kifaranga aliyelelewa kwenye banda kavu halijui hilo. Ndiyo maana mabanda ya Necedah yalijengwa nusu nchi kavu, nusu majini, yakazungushiwa uzio wa umeme, na jioni joho liliwaongoza ndege kuingia upande wa maji. Mradi wa Kissimmee, Florida, wa kundi lisilohama, uliowaachia ndege 289 kati ya 1993 na 2004, ulipoteza wengi kwa paka-mwitu, hasa miaka ya ukame ambapo maji ya kulalia yalikosekana na vichaka vilikuwa karibu.

Banda nalo linaweza kuua. Usiku wa kuamkia Februari 2, 2007, dhoruba ilipiga Chassahowitzka. Ndege 18 wa msimu ule walikuwa wamefungiwa chini ya wavu, kwa sababu korongo wakubwa waliokuwa wakija kwenye chakula walikuwa wakiwasumbua. Maji yalipanda. Kumi na saba walikufa. Tangu msimu wa 2008 kundi la kila mwaka liligawanywa kati ya maeneo mawili, Chassahowitzka na St. Marks. Kanuni iliyotoka pale ni ya vitendo kabisa: usifungie kizazi kizima mahali pamoja, na kila wavu wa juu uwe na mtu wa kuufungua au usiwepo.

Kiota kilichoachwa

Kisha ikaja miaka ya kuzaa. Viota vya kwanza vilionekana 2005. Mwaka 2006 jozi moja pale Necedah iliangua vifaranga wawili, mmoja akakua na kuhama na wazazi wake. Shangwe ilikuwa ya haki. Yule mama, hata hivyo, alipigwa risasi Indiana mwaka 2009, na mahakama ilimtoza mhusika faini ya dola 1.

Lakini kwa jumla viota vya Necedah vilikuwa vikiachwa. Jozi zilijenga vizuri, zikataga, zikaatamia kwa wiki mbili tatu, halafu ndani ya siku chache za majuma yaleyale, karibu zote zikaondoka na kuacha mayai mazima. Lawama ya kwanza iliangukia malezi: waliolelewa na joho hawajui kuatamia. Wengine walitaja chakula, wengine wanyama wala mayai.

Kamera za viotani na mitego ya wadudu zilionyesha kitu kingine. Ni usubi, inzi wadogo weusi wa jenasi ya Simulium, ndugu wa wale wanaoeneza upofu wa mtoni kwetu. Wale wa Necedah, hasa Simulium annulus na S. johannseni, hunyonya damu ya ndege, na hutoka kwa mawingu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Korongo aliyelala juu ya mayai hana pa kwenda: kichwa chake kina ngozi tupu utosini, na usubi hutanda hapo mpaka ngozi haionekani. Anatikisa kichwa, anainuka, anarudi, anainuka tena. Mwishoni haketi tena.

Miaka ya 2011 na 2012 mito ya jirani ilijaribiwa kwa Bti, bakteria ileile inayotumika kuulia viluwiluwi vya mbu. Viluwiluwi vya usubi huishi kwenye maji yanayotembea, kwa hiyo dawa huwekwa mtoni, si kwenye kinamasi penye kiota, na iwekwe kabla hawajageuka kuwa buu wa mwisho asiyekula. Usubi ulipungua na viota vingi zaidi vilifika mwisho. Lakini kutibu mito kila mwaka ndani na nje ya hifadhi si jambo la kudumu, na viluwiluwi hivyo ni chakula cha samaki.

Suluhisho lililobaki ni la kalenda. Jozi inapotaga mapema Aprili, mayai yanachukuliwa kwa makusudi na kupelekwa mashineni. Jozi nyingi hutaga tena baada ya wiki mbili au tatu, na kufikia wakati huo wingu la usubi limeshapita. Mayai yaliyochukuliwa hayapotei: yanaanguliwa kituoni na vifaranga wake huachiwa vuli. Njia hii, iliyoanza kutumiwa 2014, haifai kwa jozi inayoanza kuchelewa. Ukichukua mayai yake ya tarehe 25 Aprili unaweza usipate mengine. Sambamba na hilo, kuanzia 2011 ndege wapya waliachiwa mashariki zaidi mwa Wisconsin, White River Marsh na Horicon, ambako usubi wa aina hizo ni mchache.

Usubi ulieleza kwa nini mayai yaliachwa. Haukueleza kwa nini vifaranga walioanguliwa walikuwa wakitoweka kabla ya kuruka. Hapo shaka juu ya malezi ilirudi, na safari hii ilikuwa na uzito. Ndege aliyelelewa na joho hulala bandani usiku, hapigwi na mvua akiwa chini ya bawa, haoni mzazi akisimama mbele ya rakuni. Akizaa, atatoa wapi mfano? Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilisitisha safari za eropleni baada ya kundi la mwisho la 2015, ikisema mbinu ni ya bandia mno. Uamuzi uliwaumiza wengi. Binafsi naona ulikuwa sahihi, ingawa bila eropleni kusingekuwa na wazee wa kuwafuata, na kila mbinu ya sasa inawategemea hao wazee.

Rwanda inatoa mfano wa tatizo la aina nyingine. Korongo taji wa kule hahami masafa hayo. Shida ilikuwa watu kuwakamata na kuwafuga mahotelini na majumbani, mara nyingi mbawa zikiwa zimekatwa au kuvunjwa. Rwanda Wildlife Conservation Association, iliyoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, ilianza na orodha ya ndege wote waliofugwa na kuwawekea pete, ili asiongezwe mwingine kutoka kinamasini, ndipo wakahamishwa. Wenye uwezo wa kuruka walipelekwa Akagera. Wasioweza kuruka tena wakapewa makao Umusambi Village, Kigali. Hakuna joho wala kikaragosi. Ukishaziba tundu la kukamatwa, ndege wa porini wanajilea.

Kinachofanyika sasa

Kwenye kundi la mashariki mwa Marekani, lile lililoanzia Necedah, kazi ya leo ni ndogo kwa macho na ngumu kwa ratiba. Aprili ni kuruka juu ya viota kuhesabu, na kuchukua mayai ya mapema. Mei, kiota chenye yai bovu hupewa yai zima kutoka kituoni: mtu anafika kwa joho, anabadilisha, anaondoka ndani ya dakika chache kabla wazazi hawajasogea mbali. Yai linalopelekwa lazima liwe na umri unaokaribiana na lile linalotolewa.

Kifaranga wa kituoni sasa mara nyingi hulelewa na korongo wazima waliofugwa, wazazi kwa maana halisi, wakilala nao nje na kuchimba nao udongo. Tatizo lake ni hofu ya binadamu. Joho lilikuwa na nidhamu ya ukimya, lakini korongo mzima wa kituoni amezoea watu tangu utoto na humwonyesha kifaranga kwamba mtu si hatari. Kwa hiyo walezi hupunguza kuonekana, na kila inapobidi kumshika kifaranga, kwa pete au kwa daktari, hawajitahidi kumfanyia upole. Ndege asiyeogopa watu huishia kwenye ua wa mtu au kwenye mabaki ya mahindi ya kiwandani, na mara nyingi hulazimika kuondolewa porini kabisa.

Septemba, akiwa amevaa pete za rangi na kifaa cha redio, huwekwa kwenye banda dogo la wavu karibu na jozi ya porini isiyo na kifaranga mwaka huo. Jozi iliyopoteza kifaranga wake majuma machache tu nyuma ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kumpokea. Wakisimama karibu na wavu, wakilisha eneo lile na kulala maji yale, mlango unafunguliwa asubuhi. Wakimdonoa na kumkimbiza, anatafutiwa jozi nyingine au kundi dogo la ndege wa mwaka mmoja au miwili, mradi yuko na mmoja anayeijua njia kabla maji hayajaganda. Asipompata mwenzake kufikia Novemba, anaweza kuondoka na korongo wa kijivu, ambao angalau wanaelekea kusini.